Mgonjwa akizidiwa na hisia: jinsi ya kumfundisha kuivuka saa mbaya

Kila kundi jipya la wauguzi na washauri nasaha likiingia kliniki ya afya ya akili, maswali ni yaleyale. Nimwambie nini mtu anayetetemeka mbele yangu? Nikishamfundisha kupumua, halafu? Mbona nilimfundisha vizuri na usiku uleule akameza vidonge? Nimeyajibu kwenye korido na kwenye meseji hadi nimeona bora niyaandike mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wako wewe unayekaa uso kwa uso na mgonjwa: muuguzi wa OPD (idara ya wagonjwa wa nje) ya wilaya, mshauri wa CTC (kliniki ya matunzo na tiba ya VVU), ofisa ustawi wa jamii, mhudumu wa afya ya jamii. Si lazima uwe mwanasaikolojia. Lazima tu ukubali kwamba lengo ni dogo. Tunataka mgonjwa aivuke ile saa bila kufanya jambo litakaloongeza tatizo juu ya tatizo. Beseni la maji baridi halilipi deni wala halimrudishi mume aliyeondoka. Ila mtu aliyefika asubuhi bila kujikata, bila kunywa kitu, bila kumpiga mtoto, huyo kesho anaweza kukaa nawe mkalizungumza deni.

Nadharia utakayoihitaji ni hii tu. Stadi nyingi zilizomo humu zinatokana na tiba iliyoanza kujengwa miaka ya 1980 na mwanasaikolojia Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, kwa ajili ya watu waliokuwa wakijiumiza tena na tena. Hisia ikishafika juu kabisa, akili ya kupima mambo hupungua nguvu, kwa hiyo tunaanza na mwili, mawazo yanafuata. Na hisia hata iwe kali vipi, isipochochewa, hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Dakika 40 hivi na mahali ambapo hamsikiki. Benchi la nyuma ya jengo linatosha kuliko chumba chenye watu wanne na mlango unaofunguliwa kila dakika.
- Beseni, taulo dogo au kipande cha kanga, na maji ya baridi. Chupa ya baridi ya dukani inafaa, na maji ya mtungini yanafaa pia. Usiguse barafu za kubebea chanjo. Hizo zina kazi yake na mwenye chanjo atakutafuta.
- Saa yenye mshale wa sekunde, au simu.
- Kadi ngumu au kipande cha karatasi ya daftari, na kalamu.
- Kipimo cha presha, na majibu ya maswali haya: ana ugonjwa wa moyo? Mapigo yake huwa ya taratibu kuliko kawaida? Anatumia propranolol au atenolol (dawa za moyo na presha)? Ana pumu? Ni mjamzito? Amekuwa akijinyima kula hadi amekonda sana?
- Namba ya msimamizi wako na njia ya rufaa unayoijua kwa hakika. Kama hujui nani anapokea mgonjwa wa akili usiku katika hospitali yenu, kaulize leo.

Hatua ya 1: Hakikisha kinachokukabili ni hisia

Pima kabla ya kufundisha. Mtu mwenye homa anayeongea maneno yasiyoshikana, mgonjwa wa kisukari anayetoka jasho na kutetemeka, mlevi aliyeacha pombe ghafla juzi, mama aliyejifungua wiki hizi ambaye halali kabisa na anasikia sauti: wote hao ni wa daktari, sasa hivi. Mzee mwenye kifua kinachobana apimwe moyo kabla hujamwambia ni wasiwasi.

Kisha uliza kuhusu kujiua, kwa maneno yasiyozunguka. Mimi hupenda kuuliza hivi: “Mama, watu wakibanwa kama ulivyobanwa, wengine huwaza kufa. Wewe umewaza kujiua?” Akisema ndiyo, uliza kwa njia gani, kama kitu hicho kiko nyumbani, na kama ameshapanga lini. Swali halimpandikizii mtu wazo. Linamwondolea mzigo wa kulificha, na ana sababu za kulificha: hapa Tanzania, Kanuni ya Adhabu bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 kilichokuwa kikiadhibu jambo hilo kinakiuka Katiba, lakini usidhani mgonjwa wako wa Kwale amesikia habari hiyo. Mwambie kwa mdomo wako kwamba umeuliza ili umtibu.

Mwenye nia, njia na muda haachwi peke yake, hata kwenda chooni. Mpe rufaa. Stadi zitasubiri.

Jambo la mwisho hapa, na wengi hulipita haraka. Uliza kama nyumbani anapigwa. Mwanamke wa kwetu ameambiwa “vumilia” na somo wake, na mama mkwe, na mchungaji au shehe. Ukimpa mbinu za kutuliza mwili bila kuuliza, atakuhesabu kuwa wa nne. Mwambie waziwazi: hizi ni za kukusaidia ufikirie vizuri, hazikufundishi kukaa kwenye kipigo. Mpe njia ya Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au ofisa ustawi wa jamii, na mpange usalama wake kabla ya kupanga pumzi zake.

Hatua ya 2: Mpe kipimo

Sifuri ni mtulivu kabisa, kumi ni hali mbaya kuliko zote alizowahi kuwa nazo. Asiyesoma atumie vidole vya mikono miwili. Muulize sasa hivi yuko kwenye ngapi, andika. Utamuuliza tena baada ya kila zoezi.

Usimsahihishe. Akisema tisa huku anatabasamu, andika tisa.

Hatua ya 3: Irudieni saa mbaya ya mwisho

Chagua tukio moja, la karibuni, na mlitembee taratibu kama mnaangalia mkanda. Alikuwa wapi? Saa ngapi? Alikuwa amekula? Alilala usiku wa kuamkia siku hiyo? Nani alisema nini? Kitu gani mwilini kilianza?

Unatafuta vitu viwili. Cha kwanza ni vichochezi. Usishangae vikiwa vya kawaida sana: njaa, kukosa usingizi, meseji ya mdai wa mkopo wa kausha damu, ada, hedhi, picha ya mzazi mwenzake na mtu mwingine kwenye status. Cha pili, na hiki ndicho chenye thamani zaidi, ni ishara ya kwanza ya mwili. Kwa mmoja ni taya kukaza. Kwa mwingine ni masikio kuwaka moto, koo kukauka, au miguu kutaka kutembea yenyewe. Watu husema “ilikuja ghafla tu.” Rudi nyuma dakika kumi, kisha nusu saa, uulize tena. Karibu kila mara kuna kitu.

Kisha muulize: ni namba gani ambayo ukishaipita huwezi tena kujizuia? Akisema saba, basi kazi inaanza kwenye tano. Andika hiyo tano kwa herufi kubwa. Mafundisho mengi huharibika hapa: mgonjwa anakumbuka mbinu akiwa kwenye kumi, haimsaidii, anahitimisha kwamba haifai.

Hatua ya 4: Kusimama

Mfundishe mambo manne kwa mpangilio: simama ulipo, rudi nyuma hatua mbili, angalia kinachotokea nje na ndani yako, ndipo uamue. Usiyaeleze ukiwa umekaa. Inuka naye, mrudi nyuma hatua mbili kwelikweli, mikono ikiwa wazi. Mwili ukishazoea hatua hizo utazikumbuka hata akili ikiwa imejaa.

Siku hizi saa mbaya nyingi huanzia kwenye simu. Basi kusimama kuwe pia na simu: iwekwe kifudifudi, mahali pa kufikiwa kwa kuinuka. Meseji iliyoandikwa kwenye nane haitumwi. Inasubiri namba ishuke hadi nne, halafu isomwe upya. Vijana hucheka nikisema hivi, kisha hukubali.

Hatua ya 5: Maji baridi usoni

Hili huwashangaza watu kwa kasi yake. Ubaridi ukigusa eneo la macho na sehemu ya juu ya mashavu huku mtu amezuia pumzi, mwili hujibu kama unavyojibu mtu akipiga mbizi: mapigo ya moyo hushuka.

Jinsi ya kufanya: beseni lijae maji ya baridi, yasiwe ya barafu tupu. Mgonjwa ainame, avute pumzi ya kawaida, azuie, atumbukize uso mpaka maji yafunike macho na mashavu. Sekunde 15 zinatosha kwa anayeanza, asizidishe 30. Ainuke, apumue, apumzike, arudie mara moja au mbili. Kama hataki kulowa, kwa sababu ya hijabu, nywele au vipodozi, tumia kitambaa kilicholowa au mfuko wenye maji ya baridi: akandamize kwenye macho na mashavu, ainame mbele, azuie pumzi. Mgonjwa Mwislamu anaweza kukuambia yeye akikasirika hutia udhu. Vizuri, aendelee, na hili aliongeze baada yake.

Onyo: mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye mapigo ya taratibu, anayetumia propranolol au atenolol, au aliyekonda kwa kujinyima kula asifanye bila idhini ya daktari. Mapigo yao hayatakiwi kushushwa kiholela. Hao waruke waende hatua ya 6. Na yeyote asilazimishwe kuinamishwa kichwa. Mtu aliyewahi kuzamishwa au kukabwa utamrudisha kulekule.

Utulivu huu hudumu dakika chache tu. Hizo dakika ndizo za kuingilia pumzi.

Hatua ya 6: Pumzi, lakini kwa usahihi

“Vuta pumzi ndefu” ni ushauri unaotolewa kila mahali, na mara nyingi unaharibu. Mtu mwenye hofu tayari anavuta hewa nyingi mno. Ukimwambia avute zaidi, vidole vinaanza kuchomachoma, midomo inakufa ganzi, anapata kizunguzungu, anaamini anakufa. Mkazo uwe kwenye kutoa.

Avute kwa puani ukihesabu hadi 4, atoe kwa midomo iliyobanwa kidogo ukihesabu hadi 6. Mkono mmoja uwe tumboni ahisi unapanda na kushuka. Hivyo pumzi moja inachukua sekunde 10, sawa na pumzi 6 kwa dakika. Akishindwa 4 na 6, mpe 3 na 5. Ilimradi kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta.

Kuhesabu humchosha mtu aliyezidiwa, kwa hiyo mpe kitu cha kushika. Tasbihi au rozari hufaa sana: punje moja, pumzi moja. Tasbihi ya punje 33, kwa sekunde 10 kila punje, ni dakika tano na nusu, na hakuna anayehitaji kuangalia saa. Asiye na tasbihi avute pindo la kanga kidogokidogo kati ya vidole.

Fanya naye. Usikae umemwangalia kama msimamizi wa mtihani. Pumua kwa sauti ya kusikika, yeye atafuata mwendo wako bila kuambiwa.

Hatua ya 7: Misuli na mwendo

Kuna wanaozidiwa kwa hasira, mwili unataka kufanya kitu. Hao kukaa wapumue kutawashinda. Wape kwanza dakika 10 hadi 20 za kazi ya nguvu: kuruka kamba, kupanda ngazi, kutwanga, kufua blanketi, kuchota maji. Mjamzito na mgonjwa wa moyo watembee tu.

Asiye na nafasi, au aliye kwenye daladala, akaze ngumi na mabega kwa sekunde tano akivuta pumzi, aachie yote akitoa. Hakuna atakayemwona.

Hatua ya 8: Kuujaza muda

Mwili ukishashuka hadi tano au sita, kuna saa nzima ya hatari ambayo mgonjwa yuko peke yake na mawazo yanamrudisha juu. Hapo anahitaji shughuli. Muulize, usimpangie. Kigezo changu ni kimoja: je, anaweza kukipata saa nane usiku, nyumbani kwake, bila hela? “Kwenda ufukweni” haipiti. Kukunja nguo za watoto, kuchambua mchele, kusuka ukili, kusikiliza kaswida au kwaya aliyoihifadhi kwenye simu, kunusa karafuu, kunywa chai ya tangawizi kwa taratibu akiona ladha yake: hizo zinapita.

Sala nayo iandikwe kama ilivyo. Ukiandika “kusali” tu, mwingine atapiga magoti na kuanza kumweleza Mungu yote aliyotendewa tangu 2015, ainuke akiwa kwenye tisa. Muulize sala au dua fupi anayoijua kwa moyo. Iandike maneno yake ya mwanzo.

Wale wanaorudishwa na kumbukumbu ya ubakaji, ajali au vita, wanaoona kama jambo linatokea tena, wafundishe kutaja kwa sauti: vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, sauti tatu, harufu mbili, ladha moja. Macho yawe wazi. Kwao kufumba macho ni kukaribisha picha.

Pombe, mirungi, kubeti na kuperuzi status za watu haviingii kwenye orodha, hata akisisitiza vinamtuliza.

Hatua ya 9: Andikeni kadi

Andika yeye anavyosema, si unavyosema wewe. Maneno “kudhibiti mihemuko” hayatamsaidia mtu yeyote saa nane usiku. Huu ni mfano niliouunda kwa kufundishia:

NIKIZIDIWA
Dalili: taya inakaza, nataka kumtumia meseji.
1. Simu juu ya kabati. Narudi nyuma hatua mbili.
2. Maji baridi usoni, mara mbili.
3. Pumzi, tasbihi mzunguko mmoja.
4. Redio. Nakunja nguo mpaka ziishe.
5. Namgongea mama mdogo, hata usiku.
Bado 8, au nawaza kufa: naamsha mtu, tunakwenda hospitali.
Dawa na sumu za shamba anazo kaka.

Mstari wa mwisho ule usiuache. Hamu ya kufa mara nyingi hupanda kwa muda mfupi kisha ikashuka, na mtu asiyekuwa na kitu mkononi kwa muda ule ana nafasi ya kuivuka. Zungumzeni nani atashika vidonge, na dawa za shamba zifungiwe kwa nani. Upande wetu, tusimpe mtu wa namna hii amitriptyline, dawa ya sonona, ya mwezi mzima. Ni dawa ya kawaida kwenye vituo vyetu, na ikimezwa kwa wingi ni hatari sana. Ongea na mwandikaji wa dawa, apewe ya wiki.

Asiyesoma mchorewe: beseni, pua, redio, nyumba ya mama mdogo. Kadi ikae nyuma ya kava la simu. Kama simu inashikwa na mume au kaka, ulizeni kwanza iwekwe wapi.

Hatua ya 10: Mazoezi

Stadi haijafundishwa mpaka mgonjwa ameifanya mbele yako na namba imeandikwa kabla na baada. Mwombe akumbuke jambo la kumkera kidogo, la tatu au nne: kondakta aliyemzidishia nauli, jirani na spika yake. Namba ikipanda, apitie kadi kuanzia mstari wa kwanza. Usichague msiba. Usichague kipigo. Hapa tunazoea njia, hatuchimbi.

Nyumbani afanye pumzi kila siku akiwa mtulivu, papo hapo baada ya jambo ambalo tayari hufanya: baada ya swala, baada ya kupiga mswaki. Akiwa na mtu wa nyumbani anayemwamini, mwite mumfundishe na yeye, hasa jinsi ya kukumbusha. “Kadi yako iko wapi?” inatosha. “Si ulifundishwa wewe?” ni kuni kwenye moto.

Mpigie simu au mwonane ndani ya wiki moja.

Kukubali: iache kwa baadaye

Kuna mambo hayabadiliki. Mtoto amefariki. Kipimo cha VVU kimerudi na majibu ni yale. Ndoa imekwisha na talaka iko mkononi. Kwa haya kuna stadi ya kukubali kwamba jambo limetokea, ili nguvu zilizokuwa zikipigana na jana zitumike leo. Ni stadi nzito, na wanaoanza kazi huikimbilia mapema kwa sababu inafanana na maneno tuliyozoea msibani. Mtu akiambiwa “kazi ya Mungu haina makosa” siku ya tatu, mara nyingi anafunga mdomo tu.

Ifundishe pale mgonjwa ameshaweza kushuka mwenyewe kutoka nane hadi tano, na yeye ndiye anauliza “kwa nini mimi.” Anza na mwili: akae, viganja viwe wazi juu ya mapaja, taya ilegee. Aseme sentensi moja ya ukweli, bila maoni: “Mwanangu amekufa Machi.” Apumue. Aseme tena. Atalia, mwache alie. Mweleze kwamba kukubali kuwa jambo limetokea hakumaanishi ameridhia, wala hakumzuii kwenda mahakamani kama kuna la kudai. Na hili halifanyiki mara moja likaisha; kesho asubuhi atakuwa amerudi mwanzo, ataanza tena.

Kwa jambo ambalo bado linaendelea na linaweza kuzuiwa, kama kipigo au unyanyasaji kazini, usimfundishe kukubali. Huko ni kumsaidia mtesaji.

Mambo yakikwama

*“Nilijaribu, haikufanya kazi.”* Muulize alianza kwenye ngapi na aliishia ngapi. Kutoka tisa hadi saba bila kujiumiza ni kazi iliyofanyika. Wengi hutarajia sifuri. Kama alianza kwenye kumi, rudini hatua ya 3 mtafute ishara ya mapema zaidi.

*Amefika analia, hasikii maelekezo.* Usieleze kitu. Kaa upande wake, pumua kwa sauti, mpe kitambaa cha baridi. Maneno mafupi: “Niko hapa. Toa pumzi. Tena.”

*Kizunguzungu wakati wa pumzi.* Anavuta nyingi. Punguza kina, refusha kutoa, na aangalie kitu kimoja ukutani.

*Anasema haya ni ya watoto, au ya Wazungu.* Usibishane. Mwambie tujaribu mara moja, namba kabla na baada. Wazee wengi hulainika wakiona presha yao wenyewe kwenye kipimo kabla ya pumzi na baada yake, ingawa usiahidi kwamba lazima itashuka.

*Anaamini ni jini, au amerogwa.* Hukuitwa kuamua hilo. Muulize kisomo au maombi anayofanyiwa ni yapi, na kama kuna kinachomdhuru: kupigwa, kufungwa, kunyimwa chakula au kuachishwa dawa. Hayo yakatae waziwazi. Mengine yaendelee, na kadi iongezwe juu yake.

*Chumba kimoja, watu sita.* Chooni kuna faragha na kuna maji. Pumzi na kukaza misuli hufanyika chini ya shuka. Hatua ya 8 ichaguliwe isiyoamsha watoto.

*Kijana anajikata.* Usimwapishe, usimwambie “ahidi hutarudia”, akirudia atakuficha. Uliza kujikata kunampa nini: kutoa hasira, kuhisi kitu, kuonwa? Wa hasira aanze na mwendo, wa kufa ganzi aanze na maji baridi, anayetaka kuonwa mtafutieni mtu wa kumwona. Vidonda vitibiwe bila mahubiri. Akiwa mtoto, ipo pia namba ya bure ya 116 ya msaada kwa watoto.

*Anatumia stadi kila siku, lakini kila siku anazidiwa kwa jambo lilelile.* Sasa mbinu zimekuwa za kukwepa. Chukueni jambo lenyewe: deni ni la nani, ni kiasi gani, nani azungumze naye, lini. Mpeleke kwa mtu wa ustawi wa jamii au wa msaada wa kisheria kama liko nje ya uwezo wako.

*Anakupigia simu saa zote.* Ulitakiwa kuandika kwenye kadi saa unazopokea, na nani anapokea usiku. Kaeni mliandike sasa, kwa upole na mbele yake. Akipiga ndani ya saa zenu, swali la kwanza liwe “Uko kwenye ngapi, na umefika mstari wa ngapi wa kadi?” Kama hajaanza, muanze pamoja mstari wa kwanza hapohapo kwenye simu.